Miche ya Baba Mwezi wa Kumi

Niliing'oa miche ya baba yangu siku ya Ijumaa, yeye akiwa msikitini. Ilikuwa kumi na nane: nyanya kumi na mbili na biringani sita. Najua idadi yake kwa sababu mimi huhesabu kila kitu. Ningependa kusema kwamba nilikuwa na hasira, maana mtu aliyekasirika husamehewa upesi, lakini sikuwa na hasira hata chembe. Nilikuwa mtulivu na makini. Nilichimba kila mche kwa kijiko cha kulia, nikautia ndani ya gilasi ya karatasi yenye udongo wenye unyevu, na kwenye kila gilasi nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino. Nilikuwa na yakini kwamba ninaiokoa.

Kulima nimejifunza mwenyewe, kwenye simu. Sisi tunakaa Mabela, pembeni mwa Maskati, katika nyumba ambayo bado inanuka rangi kwenye pembe, na uani palikuwa na kifusi cha mafundi tu, mchanga na vipande vya marumaru. Mwaka juzi nilikiondoa kifusi hicho, nikanunua udongo na samadi, nikajenga matuta manne ya matofali. Kazi yangu ni ya maabara, katika kliniki moja ya binafsi, na huko kitu kisichopimwa ni kama hakipo. Desturi hiyo niliileta nyumbani bila ya kumuuliza mtu.

Niliipata tovuti moja ya kigeni yenye kalenda ya upanzi. Unaiambia upo wapi, kisha unaijazia tarehe ya mwisho ya ule umande unaoganda usiku kwa baridi na kuunguza majani ya mimea. Ukiijua tarehe hiyo, yenyewe inakupangia mwaka mzima: nyanya lini, figili lini, matango lini. Kwetu Maskati umande haugandi. Nyumbani hata jina lake hatukuwa nalo. Baba na mama wote wawili wamezaliwa Unguja, na Unguja nayo haina habari hizo. Nikakiacha kile kisanduku kitupu. Kikageuka chekundu. Mimi siwezi kulala na kitu chekundu kwenye kioo cha simu, basi nikatafuta mahali pa karibu penye baridi ya namna hiyo, nikapata Jabal Akhdhar, mlimani, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari, ambako kuna usiku maji huganda kweli. Nikaijaza tarehe ya mlimani. Wekundu ukaondoka. Tovuti ikaniambia nipande nyanya mwezi wa tatu.

Nikapanda mwezi wa tatu.

Mtu yeyote wa hapa angenambia, hata anayeuza maji barabarani. Lakini sikumuuliza yeyote, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba hujui. Nyanya zilitoa maua mwezi wa nne, na mwezi wa tano maua yakaanguka moja moja yamekauka, na ulipoingia wa sita majani yalikuwa yakivunjika ukiyagusa kama bajia ya jana. Baba alirudi kutoka kazini jioni moja, bado na kanzu yake na kofia, akasimama juu ya tuta akatazama kwa muda.

"Mama," akaniita, maana ndivyo anavyoniita mimi binti yake, "hizi umezipanda au umezikaanga?"

Mama yangu akadakia kutoka dirisha la jikoni: "Mwambie alete na ndimu, mie nna chumvi hapa, tupate kachumbari ya moto!"

Wakacheka sana. Mimi nikaingia chumbani nikalia, mtu mzima wa miaka ishirini na sita.

Sasa ninapoandika nakumbuka lililofuata, ambalo siku ile sikulitia maanani. Baba hakuingia ndani. Alikunja mikono ya kanzu, akafungua mpira wa maji, akasimama nusu saa nzima kumwagilia zile nyanya zilizokufa. Nilimsikia akimwambia mama kwamba huenda zikaona haya zikafufuka. Kwake mzaha ulikuwa ndiyo njia ya kuingia kwenye jambo la mwenzake. Mimi nilibaki na neno moja tu, umezikaanga, na nikalichukua kama hukumu. Nikaapa kwamba mwaka unaofuata hakuna atakayenicheka.

Basi nikaipindua kalenda juu chini. Adui wa huku si baridi, ni joto. Ua la nyanya haliwezi kushika tunda usiku ukiwa wa moto mno. Kwa hiyo niliyoihitaji ilikuwa tarehe ya mwisho ya joto, na kwa kuwa hakuna tovuti iliyokuwa nayo, nikajitungia kanuni: alfajiri saba mfululizo, kipimajoto kikisoma chini ya ishirini na tano. Ikitokea alfajiri moja imezidi, narudi kuhesabu tokea moja. Nilinunua kipimajoto, sikukiamini, nikanunua cha pili. Viwili havikukubaliana. Nikanunua cha tatu ili kiwe mwamuzi, nacho kikawa na rai yake. Nikawa naviandika vyote vitatu katika daftari la miraba na kuchukua wastani.

Mwaka huo uliofuata, mwezi wa sita, baba alistaafu. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa wizarani. Wiki ya kwanza aliamka kama kawaida, akaoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akakaa sebuleni kama anayengoja gari lije. Gari halikuja. Wiki ya pili alianza kuzunguka nyumba akitafuta vitu vilivyolegea. Mama alinivuta jikoni akaninong'oneza: "Mtafutie baba yako kazi, wallahi nakwambia. Jana kaingia humu kanipangia viungo vyangu kwa urefu wa chupa. Nimetia bizari mahala pa mdalasini."

Kazi aliipata mwenyewe, na ilikuwa uani. Kila siku baada ya Alasiri alikuja na vikombe viwili vya kahawa, akanipa kimoja, akauliza, "Tunapanda lini?"

"Bado, baba."

"Leo imesoma ngapi?"

"Thelathini na moja nukta nne."

"Nukta nne!" Akamgeukia mama dirishani kama anayetangaza mpira. "Umesikia? Nukta nne! Jana ilikuwa nukta sita!"

Aliipenda ile hesabu, nadhani kwa sababu ilikuwa na kesho ndani yake. Mama aliniambia waziwazi: "Usimuachie akarudi kwenye kiti kile cha sebuleni. Tangu hiyo bustani yako analala usingizi." Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua kabisa baba alikuwa ameshika nini mkononi, na kwamba mwenye kukitia au kukiondoa mkononi mwake nilikuwa mimi.

Ukuta wetu mmoja tumeshirikiana na jirani, mzee wa Dakhiliya, ndani ya nchi, mwenye shamba lake kule Barka. Kiswahili hajui ila "karibu" na "pilipili". Yeye na baba walianza kuzungumza kwa Kiarabu juu ya ukuta, kila mmoja amesimama juu ya kitu chake. Baba alisimama juu ya ndoo. Siku moja mwezi wa tisa baba alishuka kwenye ile ndoo uso umemng'aa.

"Skiliza," alisema. "Jirani anasema wao huhesabu tokea Suhail. Ile nyota ikishaonekana alfajiri, wanahesabu siku kumi, kumi, kumi. Kumi ya nne ikitimia, miche inatiwa ardhini, hawangoji tena. Sasa mama yangu mie, kule Unguja, akihesabu vivo hivo! Miongo. Kumi, kumi, tokea Siku ya Mwaka. Mtama mwongo kadha, mpunga mwongo kadha. Asubuhi ananiuliza, leo mwongo wa ngapi? Nikikosea, sipewi mkate."

"Na akikosea yeye?"

"Akikosea yeye tunakula muhogo mwezi mzima, na hapana wa kumuuliza."

Aliondoka Unguja mtoto wa miaka minane. Sikuwahi kumsikia akizungumza habari za shamba la mama yake. Nilikuwa nikidhani hana kumbukumbu nazo. Alikuwa akizihesabu kwa vidole pale mbele yangu, amesahau kahawa yake ikapoa. Nami nikamjibu: "Baba, nyota haina kipimajoto."

Alinitazama. "Kweli," akasema. "Haina."

Niliona nimesema jambo la akili. Kesho yake nililipeleka kazini, nikamsimulia muuguzi mmoja Mkenya ambaye hunywa chai pamoja nami, nikitaraji acheke. Hakucheka. Alitia sukari ya tatu kwenye kikombe chake.

"Kwetu ni Nyandarua," alisema. "Huko juu tuko na sakitu. Unajua sakitu?"

Nilikuwa sijui. Akanieleza, na hapo ndipo nilipopata jina la kitu nilichokijaza kwenye kile kisanduku chekundu.

"Unalala shamba la viazi liko kijani, unaamka limekuwa jeusi, kama mtu amelimwagia maji moto. Na haitumi mesej ati naja."

"Sasa mnajuaje siku ya kupanda?"

"Hatujui. Mamangu hupanda nusu mapema, nusu anangoja. Ile ya mapema ikichomeka, tuko na hiyo ingine. Isipochomeka, tunakula viazi mbele ya majirani. Khalas."

"Lakini hiyo si njia ya kitaalamu."

"Aki wewe! Kwani viazi vimesoma?" Akanisukuma bega. "Mpatie babako kipande chake apande vile anataka. Una matuta mangapi?"

"Manne."

"Na hutaki kupeana moja?"

Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri kweli. Jioni hiyo nilichukua daftari nikapiga hesabu, nikaona kwamba nikimpa baba tuta moja mpangilio wangu wa kubadilisha mazao utaharibika kwa misimu mitatu. Nikafunga daftari. Hayo yameandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri, na bado ninayo.

Ulipokaribia mwezi wa kumi alfajiri zilianza kuwa nyepesi. Nilifika hesabu ya tatu, ikaja alfajiri ya ishirini na sita, nikarudi moja. Nikafika ya nne, nikarudi moja tena. Baba hakuuliza tena kwa kelele. Aliuliza kwa nyusi tu, nami nikatikisa kichwa.

Alkhamisi moja nilirudi kazini nikawakuta yeye na mama wamesimama uani, wamesimama kama watu wanaopigwa picha. Nyuma yao tuta la kwanza lilikuwa limejaa. Alikuwa amekwenda Barka na jirani, wakanunua trei moja ya miche, wakagawana nusu kwa nusu. Kumi ya nne ya Suhail ilikuwa imetimia siku ile. Kila mche alikuwa ameuchomekea kipande cha boksi upande wa magharibi, kiusitiri na jua la mchana. Vipande hivyo alikuwa amevikata kwa mkasi wa mama wa nguo, na mama hakusema neno, jambo ambalo pekee lilipasa kunionyesha uzito wa siku ile. Mistari ilipinda. Biringani zilikuwa zimechanganyika na nyanya. Kulikuwa na mahali miche miwili ilikuwa karibu karibu kama watu wanaosengenyana.

"Nlitaka ukirudi ukute kazi ishakwisha," baba alisema. Kucha zake zilikuwa na udongo. Sikuwa nimewahi kuona kucha za baba yangu zina udongo.

"Ahsante, baba," nikasema. Nikatabasamu. Mimi ni hodari wa kutabasamu.

Alfajiri ya Ijumaa vipimajoto vilisoma, kwa wastani, ishirini na sita nukta moja. Nilijua mchana jua litakuwaje. Sikuona kitu kingine ila majani yanavunjika kama mwaka uliopita, na watu wanacheka. Safari hii wangemcheka yeye, nilijiambia. Nilimfanyia ukatili kwa jina la kumlinda. Baba aliondoka na jirani kwenda msikitini. Nikachukua kijiko.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. "Unafanya nini?"

"Naihamisha tu, mama. Nitairudisha wakati wake."

"Baba yako kajua?"

"Atafahamu."

"Mtoto we, ngoja arudi umuulize. Saa moja tu."

Nilimjibu kwamba saa moja baadaye jua litakuwa kali zaidi, na mche ukihamishwa juani mizizi hushtuka. Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na sababu ya kitaalamu ya kutomngoja baba yangu. Mama akaona simtazami, akarudi ndani.

Nilipomaliza nilisawazisha tuta kwa reki mpaka likawa kama halijawahi kuguswa. Gilasi nilizipanga dirishani, kwenye kivuli, nyanya upande mmoja na biringani upande wa pili. Nilikuwa naosha kijiko niliposikia lango, na sauti mbili. Baba alikuwa amemleta jirani ili amwonyeshe.

Waliingia baba mbele, mkono umenyooshwa kuelekea kwenye tuta, mdomo tayari umeanza sentensi. Jirani alitazama udongo mtupu, akauliza kwa Kiarabu, kwa upole, "Wapi?"

Baba alilitazama tuta. Akayaona maboksi yake, niliyokuwa nimeyapanga pembeni kwa ukubwa. Akaziona gilasi. Kisha akamgeukia jirani akacheka, nami nakijua kicheko cha baba yangu na hicho hakikuwa chake, akasema kwa Kiarabu kwamba binti yake ndiye bingwa wa nyumba, na wao wawili walikuwa wanajaribu tu, njoo tunywe kahawa. Alinisitiri mbele ya mtu yuleyule ambaye mbele yake nilikuwa nimemwaibisha yeye. Wakati wa kupita karibu yangu, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, bila ya lawama yoyote:

"Mie nlidhani zishashika."

Hilo ndilo neno pekee alilolisema juu ya jambo hili kwa miezi minne.

Miche kumi na mmoja ilikufa ndani ya gilasi. Ilikuwa imeanza kushika, kweli, na kijiko changu kilikata mizizi midogo nisiyoiona. Kila asubuhi niliondoa gilasi moja au mbili kabla baba hajaamka. Siku yangu, ile ya alfajiri saba, ilitimia wiki tatu baada ya yake. Nilipanda saba iliyobaki kwa rula, nikaongeza mingine. Kabla ya kuanza nilimfuata sebuleni.

"Baba, leo ndiyo siku. Njoo tupande."

"Endeleeni nyinyi wataalamu," alisema kwa tabasamu, "mie nawaangalia." Alileta kiti cha plastiki, akakaa kizingitini na simu yake, na kweli aliangalia, mara mojamoja. Kesho yake kiti hakikutoka. Kahawa ya Alasiri ikawa inanywewa ndani.

Mwezi wa kumi na mbili jirani alipitisha sahani juu ya ukuta. Nyanya za ile trei. Nilipanda juu ya ndoo kuipokea, na nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa Kiarabu ngapi zilimfia.

"Tatu, nne," alisema. "Tano labda. Nikatia nyingine mahali pake."

Hakuwa anajua. Zilikufa, akatia nyingine, na habari ikaishia hapo. Nilisimama juu ya ile ndoo na sahani mkononi, nikiona kwamba hata kama zingekufa zote kumi na nane, lingekuwa jambo la jioni moja. Baba angezitazama, angesema neno la kuchekesha, tungepanda gari kwenda kununua nyingine, yeye na mimi. Hilo ndilo nililolizuia kwa bidii yangu yote. Nilimwokoa baba yangu na safari ya Barka.

Mezani baba aliikata moja, akainyunyizia chumvi, akasema, "Tamu." Nyanya zangu ziliiva mwezi wa kwanza. Zilikuwa nzuri kuliko za jirani, zote sawa kwa ukubwa, hazina hata doa. Alikula na hizo. "Nzuri sana, mashaallah," alisema, kwa adabu, kama mtu aliyealikwa chakula kwa watu.

Hata siku ya kumwomba radhi niliipanga. Niliandika maneno, nikayafuta. Nikasema ningoje apone mafua. Nikasema ningoje wageni waondoke. Mwishowe nikaamua siku za kuelekea Ramadhani, kwa sababu ndizo siku watu wanaposameheana, na neno langu lingepata mahali pake. Sikuona kwamba nilikuwa nafanya jambo lilelile: nangoja alfajiri saba. Siku mbili kabla ya kufunga nilimkuta akikata kucha, nikasema, "Baba, nisamehe kwa ile miche."

"Miche gani?" Kisha akakumbuka, au akaacha kujifanya kwamba amesahau. "Ah! Yale yashapita, mama. Nishakusamehe. Na wewe nisamehe mie, kwa kuingilia kazi yako."

Alisema kweli, si kwa kijembe. Alikuwa ameifikiria miezi yote hiyo akafikia kwamba mkosa ni yeye. Nilitaka kumwambia hapana, si hivyo kabisa, lakini alikuwa amekwisha kurudi kwenye kucha zake, na mimi sikuwa nimeandika jibu la hilo.

Wakati huo alikuwa tayari anakwenda Barka kila Jumamosi, shambani kwa jirani. Alirudi Adhuhuri na fungu la mchicha na kanzu imechafuka magotini, na mama akilalamika juu ya madoa kwa sauti ya mtu aliyefurahi. Baada ya Idi nilimuuliza kama naweza kwenda nao.

"Utachoka," alisema. "Na jirani hupanda ovyo, utaudhika."

"Sitaudhika, baba."

"Haya. Karibu."

Shambani niliketi mbali, chini ya banda, nikaweka mikono chini ya mapaja. Walikuwa wanatia bamia, ambazo joto si adui yake. Baba alitangulia na kijiti, anatoboa, anadondosha mbegu mbili, anafukia kwa mguu. Jirani alikuwa nyuma yake na mpira wa maji.

"Ewe Mzanzibari, mstari wako kama nyoka!" jirani alipiga kelele kwa Kiarabu.

"Nyoka hajafa njaa!" baba akamjibu bila ya kugeuka. "Wewe tia maji, ufundi niachie mwenyewe!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu siku ya ndoo. Nikainuka, nikasogea karibu, kwa sababu nilitaka kuwa karibu nayo. Mikono niliifunga nyuma. Sikutazama hata mstari, nilimtazama yeye. Baba aliponiona alisimama. Kijiti kilikuwa juu ya udongo.

"Hapa sawa?" akaniuliza.

"Sawa, baba."

Akatoboa, akatia mbegu. Akasogea hatua moja, akasimama tena. "Na hapa? Isije ikawa karibu mno."

"Sawa kabisa, baba. Popote."

Akatoboa. Akasogea. Akaninyanyulia macho. Kila tundu aliniuliza, na nilipoacha kujibu aliuliza kwa nyusi, kama alivyokuwa akiuliza zamani habari za vipimajoto. Mzee aliyesimamia idara nzima ya watu, ananiomba ruhusa ya kutia mbegu ya bamia kwenye shamba lisilo langu. Jirani alikuwa ameinamia mpira wake wa maji. Mstari ulianza kunyooka.

Nikasema naenda kuchukua maji garini. Nilikaa huko muda mrefu. Nilipokuwa nyuma ya gari kelele zilirudi, kwanza za jirani, kisha za baba.

Jumamosi iliyofuata aligonga mlango wangu mapema. "Unakuja?" Nilikuwa nimeshavaa. Nilikuwa nimekaa kitandani tangu Alfajiri, na viatu mguuni. Nikamwambia kupitia mlangoni kwamba nna kazi kliniki.

"Haya, mama," akasema. Nikamsikia anakwenda ukumbini, hatua zake nyepesi, nyepesi kuliko nilivyotaka. Jirani akapiga honi. Baba alikuwa ameanza kuzungumza kabla hajafunga mlango wa gari.

Mama alinikuta jikoni, akatazama viatu vyangu, akauliza mbona sikwenda na leo kliniki wamefunga. Nikamwambia kwamba mimi nikiwepo, baba hapandi.

Natamani angenibishia. Alinimiminia chai tu.